Ndoo, kulabu, mtungi au pampu: kijiji cha makuti kianze na kipi?

Kamati ya kijiji ikishachanga fedha za kujikinga na moto, ubishi huanza siku hiyo hiyo. Vijana wanataka pampu ya petroli. Mwenye duka anataka mitungi myekundu ya kuzimia moto kama ile ya hotelini. Akina mama wanaoteka maji wanauliza tangi litawekwa wapi na nani atalijaza. Wote wana hoja, lakini mfuko wa kijiji hauwezi kununua vyote kwa mkupuo mmoja, na kifaa kisicholingana na moto wenyewe hakisaidii hata kikiwa kipya. Ulinganisho huu ni wa vijiji vya pembezoni mwa Mombasa, Mwakirunge, Utange, Jomvu Kuu, Mtongwe, Shika Adabu na jirani zao, ambako nyumba za makuti, mabanda ya mabati na mashamba ya minazi na mihogo vimekaa bega kwa bega.

Msimamo wetu tuutoe mapema. Maji ya karibu na kulabu za kuezulia makuti ndivyo vya kwanza. Mtungi wa poda unafuata, kwa ajili ya duka, jiko na mashine ya posho. Pampu ije mwisho, na ije tu penye maji ya kuitosha na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mtunzaji wake.

Sababu ni muda. Katiba ya 2010 imeziachia serikali za kaunti huduma za zimamoto, kwa hivyo gari la zimamoto ni haki yenu, na simu ya 999 au 112 ipigwe na mtu mmoja wakati wengine wanakimbilia ndoo. Lakini gari linalotoka kisiwani kwenda Likoni lina njia mbili tu, feri au kuzunguka Dongo Kundu. Linaloelekea Kisauni lina Daraja la Nyali na msongamano wake, kisha vijia vya mchanga ambavyo lori zito hukwama. Makuti makavu ya Januari na Februari, upepo wa kaskazi ukivuma, hayangoji. Nyumba iliyoshika itaungua kwa dakika chache, na kazi ya kijiji ni kuhakikisha moto unaishia hapo.

| Kifaa | Kinadumu muda gani | Moto unaokifaa | Kinaposhindwa |
|---|---|---|---|
| Ndoo na mapipa ya maji | Hadi maji yaishe | Kuni, godoro, nyasi, kulowesha paa la jirani | Mafuta yanayowaka, umeme, kilele cha paa |
| Kulabu na ngazi | Wakati wote | Paa la makuti | Moto ukishatawala paa zima |
| Mtungi wa poda, kilo 6 | Sekunde 15 hadi 20 | Petroli, mafuta ya taa, umeme | Makuti na magodoro, huwaka upya |
| Pampu ya inchi 2 | Hadi maji au petroli iishe | Nyumba inayowaka, kukinga nyumba za jirani | Kisima kirefu, tangi dogo, injini iliyolala |
| Bomba la mgongoni, lita 16 | Dakika chache | Nyasi, makaa na cheche zilizobaki | Moto mkubwa |

Maji na ndoo

Kosa linalorudiwa zaidi ni kununua tangi la lita 1,000, kuliweka juu ya jukwaa, na kulifunga bomba la kawaida la nusu inchi. Maji yapo, lakini bomba hilo hutoa lita 15 hadi 20 kwa dakika, basi. Ndoo moja yenye lita 10 inachukua nusu dakika kujaa, na watu ishirini wanasimama wakiitazama huku nyumba ikiteketea. Tangi la moto linataka koki ya inchi 2 chini yake, ya kufunguka kwa mkono mmoja, au mdomo mpana juu ambao ndoo inaweza kuchovywa na kutoka imejaa.

Kwa sababu hiyo tunapendelea mapipa matano ya plastiki ya lita 200, yenye mdomo mpana, yaliyotawanywa kijijini, kuliko tangi moja la lita 1,000 kwa mzee wa mtaa. Maji ni yale yale, ila watu watano wanachota kwa pamoja, na hakuna nyumba iliyo mbali na pipa. Umbali ndio unaoua kazi ya ndoo. Maji lita 20 ni kilo 20, na mtu hawezi kukimbia nayo mita mia mara kumi. Panga mapipa ili nyumba yoyote iwe na pipa ndani ya mita 30 hivi.

Mlolongo wa watu hushinda mbio za kila mtu na ndoo yake. Watu wasimame hatua moja na ushei kutoka kwa mwenzao. Mita 30 zinataka watu wapatao 25 upande wa ndoo zilizojaa, na nusu yao upande wa kurudisha tupu. Ndoo ijazwe lita 10 tu. Ikijaa pomoni humwagika njiani na kuchosha mikono mapema. Ndoo moja ikipita kila sekunde tano, mnapata lita 120 kwa dakika. Hesabuni nusu ya hiyo, kwa sababu siku ya tukio watu huchanganyikiwa. Anayerusha maji ni mmoja au wawili, wanaobadilishwa mara kwa mara kwa sababu ya joto, na hurusha chini ya miale, penye kitu kinachoungua, si kwenye miale yenyewe.

Msitegemee mfereji. Maji ya mabomba ya Mombasa husafiri kutoka Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na huja kwa zamu. Moto hauangalii zamu. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi, na kwa moto maji hayo yanafaa sawasawa na maji matamu. Tena yana faida ya pekee: hakuna atakayechota pipa la moto kwa kupikia chai. Jazeni mapipa maji ya kisima na muyaache maji ya kunywa mahali pake.

Pipa la maji yaliyotuama ni kiota cha mbu, na Mombasa imewahi kupatwa na milipuko ya homa ya dengi, ambayo mbu wake hupenda vyombo kama hivi. Kifuniko kikae, na chini yake kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira kuzunguka mdomo. Kifuniko kisifungwe kwa kufuli. Ndoo za moto zipakwe rangi nyekundu na zitobolewe tundu dogo karibu na ukingo wa juu. Hubeba lita 10 bila shida lakini hazipendezi kwa kufulia, kwa hivyo hazipotei.

Kando ya mapipa iwepo ndoo moja ya mchanga mkavu, hasa nje ya duka linalouza petroli kwa chupa kwa ajili ya bodaboda. Petroli iliyomwagika huelea juu ya maji na kusambaa nayo, ikibeba moto hadi mlango wa pili. Mchanga huikalia. Wa ufuoni unafaa ukishaanikwa ukakauka; ukiwekwa mbichi huganda kama tofali ndani ya ndoo.

Kulabu, kwa sababu ya makuti

Hapa ndipo vijiji vya pwani vinapotofautiana na bara, na ndipo ushauri wa vitabu vya zimamoto unapopungua. Makuti ya viungo yameezekwa tabaka juu ya tabaka ili maji ya mvua yateleze. Maji ya ndoo nayo huteleza vivyo hivyo. Moto wa makuti hupanda kwa ndani, upande wa chini wa paa, ambako ni pakavu mwaka mzima na pamejaa masizi ya jikoni. Ukiuona nje tayari umefika kileleni. Mtu aliyesimama uani akirusha maji juu ya paa analowesha ngozi ya nje tu.

Dawa ni kuezua. Kulabu ya kijiji hutengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma yeyote: nondo ya milimita 12, ipindwe ndoano ya sentimita 20 hivi, ncha ikanolewe, mkia wake wa sentimita 40 ufungwe kwenye upondo au boriti nyembamba ya mita 4 hadi 5 kwa waya mzito na bolti mbili zinazopenya. Waya peke yake haitoshi; ndoano ikishikwa na fito na watu wawili wakavuta, waya huteleza na ndoano ikabaki juu. Msitumie mwanzi uliokauka ukapasuka. Kulabu nne kwa kijiji cha nyumba arubaini ni mwanzo mzuri, mbili kila upande, zikiwa zimelazwa chini ya upenu unaojulikana. Pamoja nazo ziwepo ngazi mbili na mapanga mawili makali, maana makuti yamefungwa kwa kamba kwenye fito na bila kukata kamba mnaweza kuvuta fremu nzima ikawaangukia.

Swali gumu ni kuezua paa gani. Wengi huvamia nyumba inayowaka kwa sababu ndiyo inayotisha na ndimo vilimo vyombo vya mtu. Kama moto umeshika pembe moja tu, vuta pembe hiyo, mara moja, ukivutia upande ulio wazi. Kama umevuka nusu ya paa, iacheni. Nendeni nyumba inayofuata upepo unakoelekea, muezue upande wake unaotazama moto, mita mbili au tatu kutoka ukingoni kwenda juu, na muloweshe kinachobaki. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo nyumba iliyo hatarini iko kusini magharibi mwa moto. Wakati wa kusi upepo hutoka upande wa kusini, na iliyo hatarini iko upande wa kaskazini mwa moto. Usiku upepo hubadilika, basi mtu mmoja arushe vumbi hewani aangalie kabla ya kupanga watu. Kaeni joshini, upepo ukiwa mgongoni.

Kumuezulia mtu nyumba ambayo haijaungua ni jambo zito, na halijadiliwi moto ukiwaka. Lijadiliwe barazani mapema: nani ana mamlaka ya kusema "ezueni", na kijiji kitamrudishiaje mwenye nyumba makuti yake. Bila makubaliano hayo kulabu zitabaki chini ya upenu huku mwenye nyumba amesimama mlangoni akikataa, na mtu hawezi kumlaumu.

Asipande mtu juu ya paa linalowaka, wala asiingie chini yake kuokoa godoro. Boriti huungua kwa juu kabla hujaona chini. Makuti yaliyovutwa yaburutwe hadi peupe na kumwagiwa maji, kwa kuwa cheche moja ndani ya rundo huamka saa mbili baadaye.

Wengine huona suluhisho ni kuhamia mabati. Bati halishiki cheche, na hilo ni jambo kubwa. Lakini boriti na dari chini ya bati huungua bila kuonekana, cheche huingia kwenye mwanya wa upenu, na joto la mchana la nyumba ya mabati kila mkaazi wa pwani analijua. Kwa mwenye fedha kidogo tunashauri njia ya kati: nyumba ibaki na makuti, jiko lihamishwe likae peke yake, mita tano au zaidi kutoka nyumbani, liezekwe bati. Asiyeweza kuhamisha jiko aning'inize bati moja juu ya mafiga, chini ya paa, likiwa limeachana na makuti kwa nafasi ya kupita hewa. Kuhusu dawa za kupuliza ili makuti yasishike moto, nyingi ni chumvi zinazoyeyuka kwa maji, kama boraksi, na mvua za mwaka huziosha kutoka nje ya paa. Fundi anayeahidi kinga ya kudumu kwa upulizaji mmoja msimlipe.

Mtungi wa kuzimia moto

Mtungi hufanya kazi ya dakika ya kwanza na si zaidi. Wa poda wa kilo 6 humwaga kila kitu kwa sekunde 15 hadi 20. Kwa mtu aliyefundishwa, sekunde hizo zinatosha kuzima petroli iliyowaka chini ya mashine ya posho. Kwa asiyefundishwa, sita za kwanza huishia ukutani.

Aina hutambulikana kwa rangi ya ukanda wa lebo: buluu ni poda, nyeusi ni gesi ya kaboni dioksidi, rangi ya maziwa ni povu, manjano ni ya mafuta ya kupikia, na wa maji ni mwekundu mtupu. Kijijini tunachagua poda, na lebo isomeke ABC: A ni vitu vikavu kama kuni na nguo, B ni mafuta, C ni gesi. Ipo poda ya BC peke yake, bei yake ikawa nafuu kidogo, lakini haikusudiwi kuni, nguo wala magodoro. Kaboni dioksidi ni nzuri kwa duka la M-Pesa lenye kompyuta na betri kwa kuwa haiachi unga. Nje, penye upepo wa bahari, hupeperushwa kabla haijafanya kazi.

Poda ina udhaifu ambao muuzaji hausemi: huua miale lakini haipoozi. Godoro la sifongo lililozimwa kwa poda huwaka tena baada ya dakika kadhaa kutoka ndani. Kwa hiyo mtungi na ndoo vinafuatana. Poda kwanza, kisha maji, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu.

Matumizi: vuta pini, simama mita 2 hadi 3 huku mlango ukiwa nyuma yako, elekeza mdomo kwenye shina la moto, bana mkono, na fagia kushoto kulia. Sufuria ya mafuta ya mahamri iliyoshika moto usiipulizie kwa karibu. Msukumo huyarusha mafuta. Funika kwa mfuniko au sinia, zima jiko, uiache ipoe bila kuichungulia. Maji kwenye mafuta yanayowaka ndiyo hatari kuliko zote: huzama chini, hugeuka mvuke unaochukua nafasi karibu mara 1,700 ya maji yenyewe, na kuyatapisha mafuta yote hewani yakiwa yanawaka.

Gesi ina sheria yake. Moto ukiwaka kwenye kichwa cha mtungi wa gesi, usiuzime kabla ya kufunga vali. Gesi isiyowaka ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye mafiga ya jirani, na inapolipuka hulipuka chumba kizima. Funga vali kwa mkono uliovikwa kitambaa kilicholowa. Ukishindwa kuifikia, toa watu, na maji yamwagiwe mtungi kutoka mbali nyuma ya ukuta.

Mtungi mwekundu huharibika kimya kimya, hasa karibu na bahari. Chumvi ya hewani hula kitako chake, kwa hivyo utundikwe ukutani karibu na mlango, usikae sakafuni wala juu ya jiko. Kila mwezi: mshale uwe kwenye kijani, pini na kifungo chake viwepo, mdomo wa mpira uchunguzwe, maana nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Pindua mtungi wa poda kichwa chini, ugongegonge kitako kwa kiganja usikie unga ukitembea, usipotembea umeganda. Ukibanwa hata mara moja, ujazwe upya, kwa sababu unga hukwama kwenye vali na msukumo huvuja siku chache baadaye ingawa mtungi bado ni mzito. Gharama hiyo ya kujaza, na ya ukaguzi wa kila mwaka, ndiyo huangusha vijiji vilivyonunua mitungi kumi kwa pamoja.

Pampu

Pampu ndogo ya petroli ya inchi 2 hutoa lita 500 hadi 600 kwa dakika ikiwa haina kizuizi. Hesabu inayofuata wengi huisahau: tangi la lita 1,000 litaisha ndani ya dakika mbili. Kuanzia hapo mna injini inayonguruma na mpira mtupu. Pampu hudai kisima chenye kutoa maji mengi, bwawa, au lita 5,000 na zaidi. Nozeli ya kubana hupunguza mtiririko na kurefusha maji. Bila nozeli msiinunue.

Jambo la pili ni kina. Pampu inayovuta kutoka juu haiwezi, kwa vitendo, kuvuta maji yaliyo kwenye kina cha zaidi ya mita 7 hivi, hata injini iwe kubwa kiasi gani. Ni uzito wa hewa unaosukuma maji juu, na hewa ina kikomo. Pimeni kisima kwa kamba yenye jiwe mwezi wa Machi, maji yakiwa yameshuka, si baada ya mvua.

Ya tatu ni aina. Pampu ya kumwagilia mashamba ina maji mengi na msukumo mdogo; mpira ukiwa mrefu, unapata maji yanayodondoka. Ile ya msukumo mkubwa hutoa maji kidogo lakini huyarusha juu ya paa. Muulize muuzaji maji yatapanda mita ngapi kwenda juu. Jibu la 25 au 30 ni la shamba, 50 na kuendelea ndiyo mnayotaka.

Kinachoiangusha siku ya moto karibu kila mara ni kimoja kati ya hivi: petroli iliyokaa miezi kwenye kabureta ikaacha gundi, mpira wa kuvutia usio mgumu ukajibana wenyewe, hewa inayoingia kwenye kiungo kilicholegea, ikizuia maji kupanda, au mtu kusahau kuijaza maji pampu kabla ya kuiwasha. Vali ya mguu yenye chujio mwisho wa mpira wa kisimani huzuia maji kurudi na mchanga kuingia. Iwasheni kila baada ya wiki mbili kwa dakika kumi, kisha mfunge njia ya petroli mwache injini ijizimie yenyewe ili kabureta ibaki tupu. Ikitumia maji ya chumvi, isafishwe kwa maji matamu siku hiyo hiyo. Kijiji kisichoweza kuahidi ratiba hii fedha zake zinafanya kazi bora kwenye mapipa.

Moto wa nyasi na mashamba

Huu hauhitaji kununua mengi. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa, lita 16 au 20, wakulima wanalo tayari. Likisafishwa vizuri mabaki ya dawa, ni chombo bora cha kufuata ukingo wa moto wa nyasi. Watu watatu huenda pamoja: mmoja anapuliza, wa pili anapiga kwa gunia lililolowa lililofungwa kwenye mti, wa tatu anafuata na jembe akifukia kinachofuka. Gunia halipigwi kwa kuinuliwa juu, hutupa cheche. Hukandamizwa na kuburutwa kuelekea palipoungua.

Kinga yake ni kufyeka mapema, mwezi wa Desemba kabla ya kiangazi kukolea. Ukanda usio na nyasi kati ya shamba na nyumba uwe na upana wa mara tatu ya urefu wa nyasi, na ukutani mita mbili ziwe tupu kabisa. Nyasi zilizofyekwa ziondolewe. Kuziacha ukandani ni kuuwekea moto daraja. Makumbi ya nazi nayo, yale marundo ya nyuma ya nyumba, hufuka siku nzima bila miale. Yakae mbali. Anayetaka kuchoma shamba achome asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, majirani wakijua, na asiondoke hadi majivu yashikike kwa mkono.

Mbiu: ringi au WhatsApp

Kundi la WhatsApp la Nyumba Kumi ni zuri kwa kutangaza mkutano. Saa nane za usiku simu zimezimwa sauti. Kipaza sauti cha msikiti hufika mbali, ila umeme ukikatika, na moto mara nyingi hukata umeme, kinanyamaza. Ringi kuukuu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, pamoja na kipande cha nondo, kama kengele ya shule, haihitaji chaji. Kubalianeni mlio: kugonga mfululizo ni moto, na si kingine chochote. Tumieni vyote vitatu, lakini fedha za kwanza ziende kwenye ringi.

Baada ya mbiu, kijana mmoja na bodaboda aende njia panda kulisubiri gari la zimamoto na kuliongoza. Njia kuu ya kijiji ibaki wazi upana wa mita 4, matawi na nyaya za nguo zikiwa juu vya kutosha lori kupita.

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zivuliwe kabla ya kuvimba, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Dawa ya meno, mafuta na unga visiguse ngozi.

Mnunue kwa mpangilio gani

Kijiji chenye makuti mengi na mfuko mdogo: ringi, kulabu nne, ngazi mbili, mapipa matano na ndoo ishirini. Fanyeni zoezi mara mbili kabla ya kiangazi, moja usiku. Mwaka unaofuata ongezeni mitungi ya poda mitatu: dukani, kwenye mashine ya posho, na mmoja kwa mwenye nyumba ya katikati asiyesafiri ovyo.

Kijiji ambacho mabati yameshazidi makuti kipunguze kulabu zibaki mbili na kianze na mitungi, kwa kuwa moto wake huanzia kwenye nyaya, gesi na mafuta ya taa. Palipo na nyasi na mashamba makubwa, fyekeo na mabomba ya mgongoni yatangulie mitungi.

Pampu inunuliwe pale ambapo kisima kimepimwa Machi kikaonyesha maji kwenye kina kisichozidi mita 7, pana hazina ya lita 5,000, na mtunzaji amekubali mbele ya baraza. Fedha za petroli, ukaguzi wa mitungi na bolti za kulabu zitengwe kando tangu siku ya ununuzi, katika daftari lake, zisichanganywe na michango ya harusi na mazishi.